Salamu Maria Ishirini Katika Chumba cha Giza

Jumatano, 18 Novemba 1992

Fideli,

Mvua imenyesha tangu alfajiri, na sasa ni saa kumi na moja jioni haijakoma. Mtaa wote wa Kimisagara ni matope. Mfereji ulio nyuma ya nyumba unavuma kama lori linalopanda mlima. Sijawasha jiko. Nimekula ndizi mbili nikiwa nimesimama, kisha nikachukua daftari.

Nimechoka, lakini si uchovu wa kazi. Leo nimefanya jambo nililolikimbia kwa miezi minne.

Nakuandikia Kiswahili kwa sababu ndicho tulichokuwa nacho sisi wawili. Kinyarwanda ni cha kwenu, Kishi ni cha kwetu, na katikati tulikutana na Kiswahili pale sokoni Bukavu, uliponiuliza bei ya wale samaki wadogo, sambaza, nami nikakujibu kwa jeuri. Tangu Julai hakijasemwa humu ndani. Mama jirani huniamkia kwa Kinyarwanda, nami humjibu kwa Kinyarwanda, kisha hufunga mlango na nyumba hunyamaza. Juzi nilijisikia nikisema peke yangu, "Chai imepoa." Nikashtuka kusikia sauti yangu mwenyewe.

Uliwahi kuniuliza tunafanya nini mle gizani siku nzima. Nikakwambia tunafua nguo za mifupa. Ulicheka mpaka ukaacha randa yako juu ya ubao, na kwa wiki nzima ulikuwa ukiniuliza nikirudi kazini kama nguo zimekauka. Sikukueleza zaidi. Leo nitakueleza, kwa sababu ni haki yako kujua.

Kalisti, unamkumbuka, fundi wetu wa eksirei mwenye tumbo na utani mwingi, anayeniita Mushi kwa sababu ya Kishi changu, ndiye anayepiga picha. Kisha hunipitishia kasha la filamu kwenye kidirisha. Mimi niko ndani na taa nyekundu tu. Natoa filamu, naibana kwenye fremu yake ya chuma, naizamisha katika dawa ya kwanza. Humo ndimo picha hutokea. Kisha maji, kisha dawa ya pili inayoizuia isiendelee, kisha maji tena, kisha kamba ya kuanikia. Dawa ya pili ndiyo iliyokuwa ikikufanya useme mke wako ananuka siki.

Jambo lote liko katika dawa ya kwanza. Filamu ikitoka mapema, picha inakuwa nyeupe na haisemi kitu. Ikichelewa, inakuwa nyeusi. Kalisti huita hiyo picha iliyopikwa.

Saa ya ukutani ya chumba cha giza ilikufa kabla sijaajiriwa. Imeombwa nyingine mara nyingi, haijaja. Mzee Gaspari aliyenifundisha kazi, ambaye sasa amestaafu, alinipa saa yake yeye: Salamu Maria. Makumi mawili ya rozari, bila kusimama, na filamu iko tayari. Dawa ikiwa na joto, unapunguza tano. Asubuhi za baridi unaongeza tatu. Aliniambia nizitamke kama mtu anayehesabu mayai sokoni, mwendo mmoja, bila kuwaza. Na karibu na ya mwisho ninyanyue filamu, niitazame mara moja kwenye taa nyekundu, nione kama imefika.

Nimezisema hivyo miaka sita. Watu hawajui ni vifua vingapi vya Kigali vimetoka kwenye Salamu Maria zangu. Kalisti hupenda kuwaambia wageni kwamba katika hospitali yetu hata mifupa imebatizwa.

Sasa nije kwenye siku yako.

Ulikuwa na mafua kama mtaa mzima ulivyokuwa na mafua Julai ile, na vumbi lile la kiangazi. Siku ya sita ukashindwa kupanda ngazi za hospitali bila kupumzika. Ulikaa kwenye ngazi ukaniambia unaangalia mandhari. Kalisti alikupiga picha, akanipitishia kasha, akasema kwa upole ambao si wake, "Shika, Mushi. Ni ya mzee wako."

Nikaizamisha. Nikaanza.

Nadhani ulikuwa umekaa nje kwenye benchi kwa sababu nilikusikia ukikohoa kupitia mlango. Kikohozi kikavu, kifupi, kama mtu anayegonga na hafunguliwi. Na mimi mle ndani nilikuwa na Salamu Maria mdomoni, na kwa mara ya kwanza katika miaka sita sikuweza kuzisema kama mayai. Nilizisema kama mtu anayeomba. Kila moja niliimaliza. Nilipofika "utuombee" nilisimama nikataja jina lako. Nilifika ishirini. Sikukosea hesabu hata moja.

Na sikuinyanyua kuitazama. Niliogopa kukuona humo.

Ilipotoka ilikuwa nyeusi. Mapafu ya mtu mzima hutoka meusi kwa sababu yana hewa, lakini hata mbavu zako zilikuwa zimefifia. Kalisti aliinyanyua dirishani, akacheka kidogo, akasema nimeipika. Kupiga nyingine hakukuwezekana. Tangu vita vianze kule kaskazini filamu zinatufikia kwa kubahatisha, na amri ilikuwa mgonjwa mmoja, filamu moja.

Daktari wa zamu siku ile alikuwa mtu mwenye wagonjwa wengi na haraka. Aliiweka kwenye sanduku la taa, akaitazama, akasema mapafu ni masafi. Ni mafua tu, uende nyumbani na vidonge.

Nilikuwa nimesimama pale, Fideli.

Nilijua kwamba picha iliyopikwa humeza kila weupe hafifu. Najua hilo kama wewe ulivyojua ubao mbichi kwa kuupiga kidole. Ningesema neno moja tu. Lakini nilisikia "masafi", na nililitaka neno lile kuliko kitu chochote duniani. Nikaona nikifungua mdomo nitalifukuza. Nikakushika mkono tukashuka mlima.

Ulinunua muwa njiani. Ulisema mtu mwenye mapafu masafi anaruhusiwa muwa.

Siku ya nne baada ya hapo midomo yako ikawa ya buluu. Tulipokurudisha walikusikiliza kifua wakasema ni homa ya mapafu, yawezekana ya virusi, pande zote mbili. Hakukuwa na wakati wa picha nyingine. Nililala kwenye mkeka chini ya kitanda chako, na ulipoondoka mkono wako ulikuwa unaning'inia karibu na uso wangu.

Baada ya matanga watu walirudi makwao. Dada zangu walivuka mpaka kurudi Bukavu, mama yako akarudi Gitarama. Niliichukua ile picha kwenye rafu ya kumbukumbu, nikaiweka nyuma ya kabati ulilolitengeneza. Hakuna aliyeiuliza. Kila usiku nimelala nayo chumba kimoja.

Na sala zimekwisha. Hilo sijamwambia mtu, hata padre. Kazini nahesabu namba kavu, moja hadi mia mbili arobaini. Kanisani wengine wakianza Salamu Maria, mikono yangu inataka kunyanyua fremu. Nafunga mdomo nasubiri wamalize.

Leo asubuhi tulikuwa na somo. Kuna daktari kijana, Emanueli, aliyerudi mwezi uliopita kutoka masomoni Ubelgiji. Amekuja na bahasha ya picha za mashine mpya ya huko, wanayoiita skana, ambayo sisi hatuna. Aliwaita madaktari na wauguzi, na sisi wa eksirei akatuita pia, jambo ambalo halijawahi kutokea. Mimi nilisimama nyuma karibu na mlango.

Zilikuwa picha za kifua, lakini si kama zetu. Ni vipande vyembamba, kimoja baada ya kingine, kama mkate. Unamtazama mtu kana kwamba umesimama miguuni pake ukachungulia ndani. Kalisti hakuweza kujizuia.

"Muganga, huyu wamemkata vipande vyote hivi na bado iko hai?"

"Iko hai, muzee. Mashine ndiyo imezunguka, yeye alilala tu."

"Basi wamemfanyia adabu. Sisi huku tunawaambia washike pumzi na wanafikiri tunawakomoa."

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka kidogo. Kisha daktari akaweka picha ya mtu aliyekuwa na homa ya mapafu ya virusi, na sikucheka tena.

Alieleza kwa Kifaransa na Kinyarwanda, taratibu. Ile homa ya kawaida ya bakteria, alisema, mara nyingi hushika sehemu moja ya pafu na kuijaza, inakuwa nyeupe kama ukuta uliopakwa chokaa. Hii ya virusi mara nyingi haifanyi hivyo. Inatandaa pande zote mbili, hapa kidogo, pale kidogo, zaidi chini na kando kando karibu na mbavu. Na si nyeupe kamili. Ni kama kioo ambacho mtu amekihemea. Mishipa ya damu bado unaiona kupitia humo, kama matawi nyuma ya pazia jembamba.

Nilitazama ule ukungu. Ndiyo mara ya kwanza nimeuona ulivyo. Nilidhani kitu kilichokuua kitakuwa na sura ya kutisha. Kilikuwa kama pumzi tu.

Kisha akaweka picha ya kawaida ya mgonjwa yuleyule, iliyopigwa siku ileile. Akatuuliza tunaona nini. Muuguzi mmoja akasema haoni kitu. Daktari akasema hata yeye alipokuwa mwanafunzi hakuona kitu, na kwamba ukungu huo kwenye picha za kawaida mara nyingine unaonekana kwa shida, mara nyingine hauonekani kabisa.

Fideli, moyo uliruka. Nilifikiri, basi labda si mimi. Labda hata ningekutoa kwa wakati wake, mapafu yangetoka masafi vilevile.

Ningeweza kuishia pale. Ningerudi chumba changu nikiwa na ile labda, nikaishi nayo mpaka uzee. Nilikaa gizani na kasha mikononi nikiipima, na nikaona kwamba itakuwa ni kunyamaza mara ya pili.

Saa sita nikashuka nyumbani kwenye mvua. Nikaitoa nyuma ya kabati, nikaifunga kwa nailoni, nikaiweka chini ya kitenge, nikapanda tena. Nilianguka mara moja pale kwenye kona ya wauza misumari. Goti limechubuka. Yeye halikumpata hata tone. Nimeandika "yeye", nimeona sasa. Naacha hivyo.

Daktari Emanueli alikuwa peke yake kwenye chumba cha kusomea picha, anakula mkate kwa mkono mmoja. Nilimwambia yote, kwa Kiswahili, kwa sababu kwa lugha nyingine ningetafuta maneno na kutafuta maneno kungenipa nafasi ya kukimbia. Anakijua kidogo. Alikula polepole, kisha akaacha kula. Nilipofika kwenye saa iliyokufa, aliniuliza ninahesabu vipi.

"Kwa Salamu Maria. Ishirini."

Hakucheka. Akauliza, "Na siku ile zilikuwa ishirini?"

"Zilikuwa ishirini. Lakini siku ile nilizisali."

Alitazama nailoni ikidondosha maji sakafuni. Akanawa mikono, akaichukua. Kuna taa moja ndogo kali sana ya kutazamia picha nyeusi. Ile yetu haikuwa na balbu tangu mwaka jana. Yeye amekuja na balbu yake. Akaiwasha, akaanza kuisogeza picha mbele yake, juu, chini, kushoto, kulia. Aliisogeza muda mrefu. Nilikuwa nikitazama shingo yake, si picha.

"Mama, sogea."

Nikasogea.

"Sitaki kukudanganya. Iko. Hapa chini, na hapa upande wa pili, karibu na mbavu."

Nikauona. Pale taa ilipopita, weusi ulilegea, na ndani yake kulikuwa na ile pumzi juu ya kioo. Ilikuwa hafifu, lakini ipo, kushoto na kulia. Akasema katika picha iliyooshwa vizuri ingeonekana. Si kwa kila mtu, lakini ingeonekana.

Nilimwuliza kama ungelazwa.

"Angelazwa. Oksijeni, kama chupa ilikuwepo. Dawa ya kuua virusi vyenyewe hatuna, na hata kule nilikotoka hawakuwa nayo."

"Angepona?"

Alizima ile taa. "Hilo, mama, hata skana haisemi."

Nilishukuru. Nilitaka kuondoka na picha yangu, nikageuka, nikamkuta Kalisti amesimama mlangoni na kikombe cha chai iliyopoa, sijui tangu lini. Nilingoja utani. Aliweka kikombe juu ya meza.

"Mimi pia niliiona, Mushi," alisema. "Niliinyanyua kwa mkono wangu, nikajua, nikacheka. Nilimwacha daktari aitazame bila kumwambia. Nikasema yule mama ana mambo mengi leo, nisimwongezee aibu. Kila siku nimepanga nikwambie."

Miezi minne, Fideli. Tumepitishiana makasha kwenye kidirisha kile miezi minne, kila mmoja akifikiri kosa ni lake peke yake.

Sikumsamehe wala sikumlaumu. Nilimwambia anywe chai yake. Alisema imepoa. Nikamwambia anywe hivyohivyo. Kisha tulirudi kazini kwa sababu kulikuwa na watu kwenye benchi.

Mchana huu zilikuwa picha nne tu. Ya mwisho ilikuwa ya mama mmoja wa Nyamirambo, kikohozi cha wiki moja, na binti yake amemshika begani. Niliizamisha. Nikahesabu namba zangu. Mia mbili nikainyanyua kwenye taa nyekundu nikaitazama vizuri, na niliipenda ilivyokuwa, ya kijivu, mbavu zimesimama wazi. Ilipokauka sikuiacha kwenye trei. Niliipeleka mwenyewe kwa daktari wa zamu, nikamwambia hii imetoka kwa wakati wake, aitazame chini na kando kando. Alinishangaa. Sijawahi kusema neno katika chumba kile. Lakini aliitazama chini na kando kando.

Amelazwa. Sijui kama atapona.

Jumapili ijayo nitakwenda Gitarama. Nitamweleza mama yako kama nilivyokueleza wewe. Pengine atanifukuza uani. Pengine atanipa uji. Yote mawili nitayapokea, ila sitaki tena aniite mke mwema bila kujua.

Sasa giza linaingia na mvua imepungua. Nimesikia jirani anamwita mwanawe akaoge. Sisi hatukujaliwa mtoto, na siku kama ya leo ndipo nahisi nyumba hii ilivyo kubwa, nyumba ya vyumba viwili.

Nimejaribu kusali kabla ya kuandika. Nimefika "umejaa neema", mikono ikainuka yenyewe. Nimecheka peke yangu, kisha nimelia, kisha nimekaa. Labda itarudi. Labda mtu aliyetumia sala kama saa miaka sita hana haki ya kulalamika saa ikisimama.

Huu ni mwezi wa marehemu. Parokiani wanakusanya majina, na leo nikitoka kazini nimepita nikaandika lako kwenye karatasi, kwa herufi kubwa ili msomaji asibabaike. Litasomwa na majina mengine, nami nitakuwa nimekaa nyuma, mdomo umefungwa.

Sijui kama huko mliko mnasoma majina ya kwetu. Kama mnasoma, Fideli, taja langu. Mara moja yatosha, na usiharakishe.